Daladala, bajaji au boda Mwanza: panda kipi, na ushukie wapi

Mtu akihamia Mwanza, akishapata chumba swali linalofuata ni hilo, nipande nini kwenda kazini, na majibu anayopewaga ni ya kishabiki tu. Kijana wa kijiweni atakwambia boda, aliyewahi kufungwa POP mguu mzima atakwambia daladala, na bosi wako atakwambia nunua gari kama vile hajui anakulipa shilingi ngapi. Mi naona kabla ya kujibu uangalie safari yako ilivyo. Safari nyingi za hapa zina vipande viwili, kipande cha lami na kipande cha mlima, na chombo kinachofaa huku kule hakifai kabisa, kwa hiyo ukiuliza "kipi bora" bila kusema kipande gani hamna wa kukujibu vizuri.

Kwanza ujue foleni yetu inatoka wapi. Ziwa limetukaba upande mmoja, vilima na mawe upande mwingine, na barabara kubwa za kuingia mjini ni tatu. Kuna Kenyatta inayotoka Usagara ikipita Buhongwa, Nyegezi, Mkuyuni mpaka Igogo. Kuna Nyerere inayotoka Kisesa, Igoma, Nyakato, Buzuruga, Mabatini. Halafu Makongoro, ya watu wa Airport, Pasiansi na Kirumba. Zote tatu zinamwaga watu palepale katikati. Sensa ya 2022 ukijumlisha Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili zinazounda jiji, unapata watu zaidi ya milioni 1.1, sasa fikiria saa moja na nusu asubuhi. Lori likizima pale Mkuyuni hamna pa kuchepukia, mitaa ya pembeni inapanda inapanda inaishia kwenye jabali. Ile barabara ya Usagara kwenda Kisesa inamsaidia anayetoka Shinyanga kwenda Musoma ambaye mjini hana shida nako, wewe unayeenda Makoroboi katikati ya mji haikuhusu.

Daladala

Kwa hela hamna mshindani, tusidanganyane. LATRA, wale wanaopanga nauli, Desemba 2023 walipandisha nauli ya njia isiyozidi kilomita 10 kutoka 500 kwenda 600, na mwanafunzi akabaki na 200 yake. Anayekaa Buzuruga au Mkuyuni, kwenda na kurudi 1,200, siku 26 za kazi ni 31,200 kwa mwezi. Wa Kisesa na Usagara ni mbali, nauli yao iko juu zaidi, lakini bado hakuna chombo chenye injini kitakachokufikisha kwa bei hiyo.

Tatizo lake ni muda, na watu wanalalamikiaga konda bila kuelewa mchezo unavyoenda. Dereva wa Hiace jioni ana hesabu ya kumpelekea mwenye gari, iwe mvua iwe jua, na mafuta anaweka mwenyewe, kinachobaki ndo chake na konda. Kwa hiyo saa nne asubuhi abiria wakiwa wachache hatoki kituoni mpaka ijae, utakaa pale na mpiga debe anakwambia "bado mmoja ngosha, tunaondoka" na huyo mmoja anakuwaga mmoja mara sita. Ila saa kumi na mbili jioni watu wamefurika, hapo mchezo unageuka, anataka trip nyingi, kwa hiyo anakimbiza, anatanua pembeni ya barabara, anachomekea mbele ya mwenzake, na pengine anakata ruti, yaani bango limeandikwa Kisesa nyie mnashushwa Igoma, "mwisho wa gari, shukeni wazee". Ukishajua hivyo unajua na namna ya kuishi naye. Mchana usiingie gari tupu, ingia iliyobakiza siti mbili tatu hata kama ni ya nyuma. Jioni uliza kabla ya kupanda, kwa sauti na wenzako wasikie, "mnafika Kisesa?", na nauli usitoe mpaka mmepita pale wanapopendaga kugeuzia.

Usalama sasa. Ndani ya Hiace una bati pande zote na siti, na kwa vile muda mwingi mko kwenye foleni gari haliendi kasi ya kuua mtu. Hilo watu hawalifikiriagi, foleni inayowachelewesha ndo inayowalinda. Hatari ya daladala inaanza foleni ikiisha, mfano ukishavuka Buzuruga unaelekea Igoma usiku, njia nyeupe, gari limejaza watu wameinama mpaka mlangoni na konda ananing'inia. Gari lililozidiwa breki zake hazikamati mapema, na aliyeinama hana pa kujishikia, likigonga yeye ndo anaruka na kuwaangukia waliokaa. Sisi watu wa ziwa habari ya kuzidisha abiria haitakiwi kufundishwa. MV Nyerere iliyozama pale Ukara Septemba 2018 uwezo wake ulikuwa watu 101, na waliokufa tu walizidi 220. Gari likijaa hivyo shuka, 600 yako siyo kitu, nyingine inakuja.

Mambo madogo mengine: ukiwa na mzigo wa soko la samaki la Mwaloni kaa na mzigo wako, usikubali waupakie nyuma huko. Ukiwa na mtoto mgongoni mtoe umpakate. Siti za nyuma ya dereva zina joto la injini, mama mjamzito asikae hapo.

Bodaboda

Boda wana mambo mawili wanayomzidi kila mtu, foleni haiwahusu na mlima hauwashindi. Kama unakaa Bugarika, Isamilo, Kilimahewa au kule juu ya Mabatini kwenye mawe, daladala inakuacha chini kabisa na hapo mpaka nyumbani ni kipandio cha kukutoa roho, hasa umebeba maji au unga. Kwa kipande hicho boda ni halali yake. Anapanda taratibu, gia ya kwanza, njia haina malori, akidondoka mnadondoka wote mnajikung'uta vumbi mnaendelea. Sijasema hamna hatari, mvua ikinyesha yale mawe yanateleza na maji yanashusha changarawe mpaka kwenye lami chini, lakini mwendo ni mdogo na mwendo ndo kila kitu.

Kipande cha lami ndo nakataa. Hapa nitakaa kidogo maana ndo watu wanapoumiagia.

Dereva boda naye ana hesabu. Wengi pikipiki siyo yao, ni ya mkataba, anarejesha kila siku au kila wiki mpaka deni liishe pikipiki iwe yake. Kwa hiyo haraka aliyonayo ni ileile ya dereva daladala, tofauti ni kwamba haraka ya daladala inazuiwa na foleni, ya boda haizuiwi na kitu. Anapita katikati ya magari mawili, na hapo kuna vitu vitatu vinavyoangusha watu kila siku: mlango wa gari unaofunguliwa ghafla, mtu anayechomoka mbele ya Hiace iliyosimama anavuka barabara, na lori linalokata kona dereva wake hakuoni kabisa maana uko pembeni ya tela. Wewe abiria hakuna unachoweza kufanya, huoni mbele, umeshika chuma cha nyuma unaomba Mungu.

Kofia ngumu. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema kofia ikivaliwa sawasawa inapunguza hatari ya kufa kwenye ajali ya pikipiki zaidi ya mara sita. "Sawasawa" maana yake mkanda umefungwa kidevuni, siyo ile unaiweka kichwani kama sufuria ikipigwa upepo inabaki Igogo wewe uko Mkuyuni. Abiria wengi hawavai kwa sababu kofia ya boda imevaliwa na watu wote wa mji, inanuka, na akina dada nywele zimetengenezwa jana kwa hela ndefu. Nawaelewa kabisa. Basi nunua yako, au tembea na kitambaa chepesi cha kufunga kichwani kabla ya kuvaa yake. Kuna boda wana kofia moja tu na wameivaa wao, huyo muache, kuna mwingine nyuma yake hapo hapo kijiweni.

Mshikaki, yaani kupakiza abiria zaidi ya mmoja, sizungumzii sana, kila mtu anajua ni kosa na kila mtu kashawahi kuona watatu nyuma na mfuko wa mkaa juu. Abiria mmoja, basi. Mkiwa wawili chukueni bajaji, inaweza hata kuwa nafuu.

Na bei. Boda hana nauli ya kupangwa, mnapatana, na mkipatana wewe ukiwa umechelewa yeye kashakusoma usoni. Tuseme kutoka kwako mpaka mjini anataka 2,000. Kwenda na kurudi 4,000, siku 26 unakuwa umetumia 104,000. Weka pembeni ya ile 31,200 ya daladala halafu jiulize hiyo sabini na kitu elfu unainunulia dakika ngapi. Kuna mtu jibu lake litakuwa ni sawa, anaingia shifti saa kumi na mbili asubuhi hospitali au anafungua duka na akichelewa anakatwa. Poa. Wengi wetu tukifika mapema tunaenda kunywa chai.

Hesabu ya kuchanganya

Mi ndo naipendaga hii. Asubuhi shuka mlima kwa miguu, ni mteremko hautaki nguvu na saa hizo kuna ubaridi wa ziwa. Chini panda daladala. Jioni rudi kwa daladala mpaka chini ya mlima, kisha boda akupandishe, tuseme 1,000. Jumla ya siku 2,200, kwa mwezi 57,200. Boda umempa kazi anayoiweza, na barabara ya malori umeiacha kwa wenye bati. Ukimzoea mmoja wa kijiwe cha mtaani kwako inakuwa nzuri zaidi, anakujua, unajua anakokaa, kijiwe kina mwenyekiti wake, hata ukichelewa usiku unampigia anakuja. Usiku usipande boda anayezunguka mjini usiyemjua, hasa mwanamke peke yako. Hata kama bei yake ni ya chini. Hasa kama bei yake ni ya chini.

Bajaji

Bajaji iko katikati kwa kila kitu, bei katikati, kasi katikati, usalama katikati, na ndo maana watu hawana la kuisemea. Ila ina sehemu zake. Mchana ambapo Hiace zinagoma kuondoka, bajaji ya kuchangia inajaa watu watatu inaondoka. Njia za ndani ndani ambazo daladala haziendi au zinaenda zikijisikia, bajaji zipo. Mama na watoto wawili na kapu la sokoni, bajaji bila kufikiri. Mzee wa magoti anayeshindwa kuinama kuingia Hiace, bajaji. Mvua, bajaji, japo mapajani utaloa kidogo, na mvua zetu za Machi mpaka Mei zikikolea Mto Mirongo ukafurika pale Mabatini usijaribu kupita na kitu chochote chenye tairi ndogo, subiri maji yashuke.

Hatari yake ni kona na mteremko. Ina tairi moja mbele, ikikata kona ghafla ikiwa na mwendo inapinduka, na inapinduka zaidi dereva akiweka mtu wa nne pale mbele pembeni yake, anakuwa anaendesha kwa bega moja. Wa nne akipanda mwambie dereva amshushe, la sivyo shuka wewe. Na kwenye barabara ya lami ndefu, Buhongwa kwenda Usagara huko, bajaji inakuwa kikwazo, mabasi yanaipita kwa hasira. Matumizi yake ni mjini na mitaani.

Pikipiki yako, gari lako

Pikipiki yako mwenyewe inashinda boda kwa kitu kimoja kikubwa, haraka unaiamua wewe. Hauna hesabu ya mtu. Ila usinunue kabla hujajifunza darasani ukapata leseni daraja A, kufundishwa na shemeji uwanjani Furahisha siku ya jumapili haitoshi. Uhesabu na bima, oil, tairi, na mahali pa kuilaza usiku maana vyumba vya milimani wengine tunaacha pikipiki kwa watu chini huko.

Gari, kama unafanya kazi katikati ya mji, sioni faida. Utakaa foleni ileile ya Hiace, peke yako, unachoma mafuta, halafu ukifika utazunguka kutafuta pa kupaki. Gari linalipa kwa mwenye watoto wa shule tofauti, au anayezunguka kwa kazi, au wa Kayenze na Sangabuye huko ambako usafiri wa jioni ni wa kubahatisha.

Na hizi gari ndogo za kuchangia zinazosimama "mjini mjini buku", angalia plate. Nyeupe ni ya biashara, njano ni binafsi. Ukipata ajali kwenye gari la njano lililokuwa linabeba abiria kimagendo, kampuni ya bima itakuwa na sababu ya kukusumbua. Bima ya chombo chochote unaweza kuiangalia kwenye simu kupitia TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, unaingiza namba ya plate inakuonyesha kama ipo hai. Boda wako wa kila siku mwangalie, dakika moja tu, hatajua hata.

Mtoto wa shule

Hapa naomba wazazi wanisikilize kidogo. WHO hiyo hiyo inasema ajali za barabarani ndo zinaongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 duniani. Halafu asubuhi unaona boda mmoja kabeba watoto watatu, wa mbele kakaa kwenye tanki, hamna hata mmoja mwenye kofia, kwa sababu mzazi kalipa kwa mwezi na boda anataka kumaliza trip moja. Ukiangalia hela unaona umeokoa. Bora bajaji moja wazazi watatu mchange, mtoto anakaa ndani, na mkubaliane na dereva watoto wangapi, mmpigie hesabu yake ilipwe vizuri asiwe na sababu ya kuongeza wengine njiani.

Daladala kwa mwanafunzi bei ni nzuri mno, 200, na hiyo hiyo ndo shida, konda anamuona mwanafunzi anaona siti ya 600 imepotea, kwa hiyo anawaacha kituoni au anawasimamisha mlangoni. Mtoto wa msingi asipande peke yake saa ya msongamano. Wa sekondari apande na wenzake, kundi la watano konda analiheshimu. Na mfundishe kuvuka. Akishuka asivuke mbele ya gari alilotoka nalo, asubiri liondoke kwanza ndo aone barabara yote. Pale Furahisha na Mabatini kuna madaraja ya waenda kwa miguu, apande juu, watu wazima wanaopita chini wakiburuza watoto mkono sijui wanawahi nini.

Na wa Sengerema?

Wengi wananiuliza kama kivuko cha Kamanga bado kina maana baada ya Daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 19, 2025. Inategemea na miguu yako. Mwenye gari au aliye kwenye basi la Geita, daraja, hamna mjadala, zile kilomita 3 unavuka dakika chache, halina ratiba, usiku wa manane unapita. Lakini ukitokea darajani unaingilia Usagara, na basi litakushusha Nyegezi, na kutoka Nyegezi kwenda mjini ni ile ile Kenyatta, Mkuyuni ile ile, Hiace nyingine na nauli nyingine. Kivuko cha Kamanga kinakushusha mjini kabisa, unatoka na begi lako unatembea mpaka unakoenda. Kwa hiyo asiye na gari, anayetoka Sengerema mjini na shida yake iko katikati ya Mwanza mchana, bado namwambia apite Kamanga, aulize tu kivuko cha mwisho cha kurudi ni saa ngapi kabla hajaanza kuzunguka madukani, akikikosa ndo apande Hiace ya Nyegezi akatafute basi la darajani.